Bibi Yuko Ukurasa wa Mwisho

Tangu stakabadhi ghalani iingie kwenye korosho mwaka 2007, huku kwetu Mtwara mkulima anataka karatasi, tena iliyobandikwa ukutani ajisomee. Sawa, haki yake. Ila karatasi yenyewe inakatwa na kompyuta, na kompyuta haijui nani ni nani.

Orodha ya malipo ya chama chetu cha msingi ni ndefu. Kwenye skrini imetulia: jina, kilo, makato, hela. Ukiprinti, Excel inakata kurasa inapojisikia. Msimu huu ilimwacha bibi mmoja wa Mtawanya peke yake kwenye karatasi ya mwisho, maana jina lake linaanza na Z. Mstari mmoja juu, chini weupe mtupu.

Akaja ofisini, kanga begani. Hata shikamoo yangu hakuiitikia vizuri. "Mjukuu wangu, wenzangu wote wako pamoja, mimi nimetengwa. Nina kesi?"

Nikamwita kijana wetu wa kompyuta. Akaandika makro ya kuihoji shiti: wewe, mikato yako iko mistari ipi? Kuna kitu kinaitwa HPageBreaks. Ukikiuliza, kinataja mstari unaoanza kila ukurasa mpya. Kwa maneno ni hivyo. Kwa vitendo, kikataja mikato ya juu, halafu kikagoma. Kumbe kwenye mwonekano wa kawaida, mkato ulio chini ya upeo wa skrini chenyewe hakina habari nao, kama mwenyekiti anayehesabu akidi kwa waliokaa viti vya mbele. Mpaka uipeleke shiti kwenye ule mwonekano wenye mistari ya buluu, ndipo kinahesabu yote. Sasa mistari ya buluu si ndiyo mikato yenyewe, naiona kwa macho yangu? Makro ya nini? Kijana akasema ni utaalamu.

Haya. Tukapunguza pambizo, bibi akapanda kwa wenzake. Printa ya ofisi wino umekwisha (lini ulikuwapo?), nikapeleka faili steshenari. Huko printa ni nyingine, na Excel hupanga kurasa kwa vipimo vya printa iliyoikuta. Mikato yote ikahama.

Safari hii ukurasa wa mwisho una watu wawili: bibi, na yule mzee wanayegombania naye mpaka wa mikorosho.

Bibi kaitazama karatasi, kanitazama mimi. "Si heri ungeniacha peke yangu."