Akiba Haiozi: Sifa za Diski Kuukuu ya Filamu

Diski ya filamu iliyotumika ni bamba la plastiki la mviringo, upana wake milimita 120, unene wake milimita 1.2, lenye tundu katikati na alama za vidole vya kila aliyewahi kuliazima. Luanda Kotieno, pale lami inayotoka Ndori inapoishia majini na abiria wanapongoja feri ya kwenda Mbita, diski ya namna hii haizidi bei ya chai na mandazi mawili. Machoni pa wengi ni takataka. Kwa wachache wenye kuona mbali ni rasilimali, na wachache hao wamechekwa vya kutosha.

Ubora wa rasilimali hii hauonekani mpaka ilinganishwe na nyingine zinazosifiwa ufuoni. Ng'ombe hunywa, huugua, na hupenda kufa wiki ile ile ya karo. Mtumbwi huvuja. Nyavu huibwa usiku zikiwa majini, na mwenye nyavu hulala akiziota. Omena ndiyo hatari kuliko zote: huvuliwa gizani kwa mwanga wa taa, huanikwa alfajiri, na ikinyesha mvua siku mbili mfululizo, kilichokuwa chakula cha watu huuzwa kwa wenye kutengeneza chakula cha kuku. Diski haili, hainywi, haivuji, haitishwi na mvua ya mchana mmoja. Tena haiibwi. Mwizi anayevunja nyumba hubeba redio, mtungi wa gesi, hata sufuria ikiwa na mboga ndani, lakini katoni ya diski huiruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Hakuna benki iliyowahi kumpa mteja wake ulinzi wa aina hiyo bila makato.

Namna shehena ilivyofika ufuoni ni hadithi fupi. Diski za VCD zilipata kanuni zake mwaka 1993, na DVD ikaanza kuuzwa Japani mwezi Novemba 1996. VCD moja ilibeba dakika 74 hadi 80, kwa hiyo filamu ya saa mbili ilikuja katika diski mbili, na tangu siku hiyo diski ya pili haijapatikana. Mkusanyaji yeyote wa Nyanza ana visa vingi ambavyo kwake havina mwisho: shujaa amefungwa kamba, adui anacheka, na hapo hapo deki inasimama na kusubiri diski iliyobaki kwa jirani aliyehama. Baadaye zikaja nakala za kuchoma, filamu kumi ndani ya diski moja, zenye jalada lililochapwa nyuso za waigizaji ambao nusu yao hawamo ndani. Kumbi za video zilizochukua kiingilio cha sarafu chache ziliishi kwa hizo, hasa zile alizozisimulia DJ Afro kwa Kiswahili na Sheng, akimpa kila jambazi wa Hong Kong tabia ya makanga wa Nairobi.

Kisha upepo ukageuka. Mapema mwaka 2015 Kenya ilizima matangazo ya televisheni ya analogi, ving'amuzi vikaingia sebuleni, flashi zikaingia mfukoni, na simu ikawa ukumbi wa video wa mtu mmoja. Netflix yenyewe, iliyoanza mwaka 1998 kwa kutuma DVD kwa posta, ilituma za mwisho tarehe 29 Septemba 2023. Kila nyumba ikatoa katoni nje. Watu wa kawaida waliona biashara imekufa. Mwekezaji aliona bei imefika sakafuni, na akafurahi, maana kitu kilichofika sakafuni hakiwezi kuanguka tena. (Kwamba kinaweza kubaki hapo hapo sakafuni ni jambo ambalo vitabu vya uwekezaji hulipitia haraka, na hapa pia linapitiwa haraka.)

Imani yake kwamba bei itapanda haikuzuka hewani. Imetokana na santuri za muziki wa benga. Katika miaka ya 1970 santuri ndogo za nyimbo mbili, upande huu na upande ule, zilitoka kwa wingi kwa ajili ya wasikilizaji wa mwambao huu. Oluoch Kanindo, mfanyabiashara wa muziki aliyekuja kuwa mbunge, alizisambaza hadi kusini mwa Afrika, na Zimbabwe wakauita mtindo wenyewe kwa jina lake: kanindo. Ilipoingia kaseti, santuri hizo zikawa vifuniko vya mitungi na vitu vya kuchezea vya watoto. Leo wakusanyaji wa Ulaya huzitafuta kwa tochi, kampuni ya Soundway ya Uingereza ilikusanya muziki wa namna hiyo mwaka 2013 katika toleo la Kenya Special, na Nairobi, katika soko la Kenyatta, liko duka linaloendeshwa kwa kuuza santuri kuukuu. Kutoka hapo hesabu ni nyepesi: kilichopatwa na santuri kitaipata diski.

Wapo wanaopinga. Husema kila santuri ya benga ilitolewa kwa nakala chache, ya wenyeji, na kanda mama nyingi zilipotea, ilhali filamu ya Commando ya mwaka 1985 ipo kila mahali duniani na itakuwepo. Pingamizi hili halimsumbui mwenye kujua kungoja. Mamilioni ya nakala za Commando si kikwazo, ni kazi tu inayosubiri kufanywa na watu wengine. Kila mama anayefagia stoo Bondo, kila kijana anayetupa katoni nyuma ya kibanda Kondele, anapunguza idadi ya nakala duniani na kumfanyia mwekezaji kibarua bila kudai hata nauli. Zikishatupwa zote isipokuwa yake, bei itapanda.

Ununuzi wenyewe ni fani. Mnunuzi hushika diski kwa ncha za vidole, kidole gumba ukingoni na cha shahada ndani ya tundu, akaiinua kuelekea jua la ziwani na kuizungusha polepole. Kwanza hutokea upinde wa mvua. Kisha hutokea ukweli. Mgongo wa rangi ya fedha ni dalili ya diski iliyopigwa chapa kiwandani. Mgongo wenye zambarau au buluu ni wa diski ya kuchoma, yaani data yake imeandikwa juu ya rangi inayofifia. Karibu na tundu hutafutwa namba ndogo zilizochorwa kwenye kioo cha plastiki. Mikwaruzo huhesabiwa: unaotoka katikati kwenda nje husamehewa, unaofuata mzunguko hausamehewi, maana mwale wa kusomea diski hupoteza njia na picha hukwama pale pale kila mara, mdomo wa mwigizaji ukiwa wazi. Mwisho diski huwekwa mbele ya jua moja kwa moja. Vikionekana vitundu vya mwanga kama nyota, utando wa alumini umeanza kuliwa. Magamba ya omena yaliyokauka juu yake hayahesabiwi kuwa kasoro, yanathibitisha asili.

Wauzaji husugua mikwaruzo kwa dawa ya meno, na kwa mkwaruzo wa juujuu dawa hiyo husaidia kweli. Upande wa jina ndio unaohitaji heshima zaidi, na ndio usioheshimiwa. Katika CD na VCD data hukaa chini tu ya maandishi, ikiwa imefunikwa na rangi nyembamba, hivyo aliyeandika jina lake kwa kalamu ya biro ili asiibiwe ameichimba filamu yenyewe. DVD imejengwa kwa busara zaidi: vibamba viwili vya milimita 0.6 vimegundishwa, data ikiwa katikati kama nyama ndani ya sambusa.

Hapa ndipo penye sifa kuu ya diski, ambayo wasiojua huiita kasoro. Wahenga walisema akiba haiozi. Diski huoza. Unyevu na hewa hupenya kwenye gundi, alumini hushika kutu, na joto na mwanga huila ile rangi ya diski za kuchoma. Nyumba ya mabati kando ya ziwa, penye jua kali na mvuke wa maji mwaka mzima, ni mahali ambapo mtaalamu wa kutunza kumbukumbu asingeweka hata shajara ya adui yake. Lakini mwekezaji hulitazama jambo hili kibiashara. Kuoza hupunguza idadi, na kupungua kwa idadi hupandisha thamani. Kinachotakiwa ni zioze za wenzake. Za kwake hazijulikani zimeoza au la, kwa kuwa zilizo bora hazijafunguliwa nailoni yake ya kiwandani, na kuifungua ni kuipunguza bei. Hivyo mkusanyo mzuri haupaswi kutazamwa kamwe. Filamu ambayo mwenyewe hawezi kuiona, na ambayo huenda haipo tena, inalindwa dhidi ya kila hasara isipokuwa ya kujulikana.

Kuhusu bei, yapo mambo mawili ambayo mwekezaji stadi huyatenganisha: bei inayotajwa na bei inayolipwa. Yeye huishika ile ya kwanza. Nchini Marekani ulivuma uvumi kwamba kanda za VHS za katuni za Disney zenye alama ya almasi nyeusi zina thamani ya maelfu ya dola. Wauzaji walizitaja kwa bei hizo, magazeti yakaziandika, na kanda zenyewe zikaendelea kununuliwa kwa dola chache. Mfano wa kweli zaidi ni filamu ya Pasolini iitwayo Salò. DVD yake ya kwanza kutoka kampuni ya Criterion, ya mwaka 1998, iliadimika hadi ikawa miongoni mwa diski zilizosakwa sana na wakusanyaji, wakailipia pesa nyingi. Mwaka 2008 Criterion ikaitoa upya. Waliokuwa wameficha ile ya kwanza kabatini walijifunza kwamba uadimu wa diski uko mikononi mwa mwenye hakimiliki, naye anaweza kuamka asubuhi akaufuta. Somo hili halijafika Luanda Kotieno, na hakuna haja ya kulipeleka kwa haraka.

Daftari la mwekezaji, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari, huonyesha nidhamu ya hali ya juu: upande wa manunuzi umejaa tarehe, majina na shilingi, upande wa mauzo ni safi kama ulivyotoka dukani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Diski imepita hatua zote mbili.

Sheria nayo ina neno. Kuuza nakala ya wizi ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, iwe mpya au kuukuu, na anayesambaza filamu huhitaji leseni ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya. Kwa kuwa sehemu kubwa ya akiba za ufuoni ni za kuchoma, mwekezaji ana mali ambayo haruhusiwi kuiuza. Jambo hili humwondolea kishawishi cha kuuza mapema. Zile halisi zilizoletwa na shemeji kutoka ng'ambo zina ulinzi wa namna nyingine: dunia iligawanywa kanda za DVD, Kenya ikawekwa kanda ya 5 na Marekani ya 1, na deki yenye kufuata kanuni huikataa diski ya ugenini. Bahati njema deki nyingi za bei nafuu kutoka China hazijali kanuni.

Soko likichelewa, diski haimwachi mwenyewe mikono mitupu. Hufungwa nyuma ya bodaboda ikamulika usiku. Hutundikwa kwa kinyozi ikawa kioo cha kutazamia kisogo. Ikitungwa kwa uzi juu ya vijiti katika shamba la mtama huzunguka na upepo wa ziwa, humeta, na ndege hukaa mbali kwa siku kadhaa, mpaka wazoee. Ng'ombe hafanyi hayo.

Ipo aina moja ya diski ambayo wawekezaji huitupa kwanza. Haina jalada. Imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, mwandiko wa haraka wa mpiga picha: mazishi ya mzee fulani, mwezi, mwaka, na mara nyingi neno "Part 2". Hukutwa katikati ya Rambo na sinema ya Kinigeria, imeuzwa pamoja na katoni nyumba ilipohamwa. Ndani yake mna saa tatu za hema, kwaya, ng'ombe wakikimbizwa uani, bibi akiimba kwa sauti ambayo sasa haipo, mbunge akitoa hotuba ndefu, na watoto wakipita mbele ya kamera ambao leo ni watu wazima wenye kazi Nairobi au Houston. Zilichomwa nakala tano au sita. Mpiga picha alishafuta kanda yake ili arekodi harusi. Nakala ya familia ililiwa na unyevu. Haitatolewa upya na kampuni yoyote, haiko mtandaoni, na wapo watu ambao wangeilipia kuliko Salò kama wangejua iliko.

Kwa bei ya sasa ya ufuoni, huuzwa sawa na nyingine. Anayeipata na asome jina lililoandikwa juu yake kabla ya kuitundika kwenye mtama.