Siku ya Makala, Mapazia Hufuliwa

Nikiwa na makala ya kukabidhi, nyumba yangu hung'aa. Masufuria husuguliwa mpaka unajiona meno. Chaja zilizokufa zamani hukunjwa na kupangwa kwenye droo kana kwamba zinasubiri kufufuliwa. Jirani yangu akiniona nafua mapazia katikati ya juma, huuliza tu: "Jirani, leo umeagizwa makala nini?"

Msiniite mvivu. John Perry, mwanafalsafa wa Marekani aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford, alitutetea katika insha yake ya mwaka 1996: mwenye kuahirisha huchapa kazi nyingi, mradi tu isiwe ile inayomngoja. Insha yenyewe, kwa maelezo yake, aliiandika akizikwepa karatasi za wanafunzi zilizotaka kusahihishwa. Mwaka 2011 ikampatia Ig Nobel, ile tuzo ya utani. Mimi kwa kufua mapazia sijapewa hata cheti.

Basi nikajaribu dawa ya Mwitaliano Francesco Cirillo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa mwanafunzi, alichukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, akaitega dakika 25, akasoma mpaka ilipolia, akapumzika kidogo, akaitega tena. Saa ya nyanya sina. Simu ninayo, lakini kila nikiishika kutega alamu nakuta kundi la kamati ya harusi linabishania rangi ya sare, na dakika 25 zinaishia hapo, hata ahadi ya mchango sijatoa.

Nikaona bora maharage. Unabandika, unakaa mezani, unaandika mpaka yaive. Maharage hayatumi ujumbe. Mwanzoni nilikuwa nikiinuka kila baada ya sentensi kwenda kuonja, hata yale ambayo kijiko chenyewe kilishanijulisha kuwa ni mawe. Halafu ikanijia aya tamu, moja ya zile zinazojiandika zenyewe. Nikasikia sauti ng'ambo ya ukuta: "Jirani, unaunguza!" Nikajibu, "Nakuja!" Nikamalizia aya kwanza.

Mhariri aliipitisha bila kugusa hata nukta. Chakula cha usiku kilikuwa mkate.

Kwa hiyo wewe mwenzangu unayetaka kujaribu, achana na maharage, bandika wali. Huiva kwa muda unaokaribia zile dakika za Cirillo, na ukinogewa na kazi ukachelewa kuuepua, utapata ukoko, nao unalika.