Sebene Imebaki Upande wa Pili

Franco Luambo Makiadi alifariki Oktoba 1989, lakini ukitazama makasha ya CD zake utadhani bado anaingia studio kila Jumatatu. Bendi yake, OK Jazz, walipiga kuanzia 1956, nyimbo mamia kwa mamia, na baadhi ya waliozitoa upya walizichota bila kuangalia. Nina CD zenye picha tofauti na nyimbo zilezile. Mwaka haumo, mwimbaji hatajwi. Yupo Franco tu, kila kasha na shati lake.

Lakini balaa lenyewe ni zile santuri ndogo. Wimbo haukuenea upande mmoja, kwa hiyo ulikatwa: maneno upande wa kwanza, sebene, yaani ile sehemu ya magitaa ya kucheza, upande wa pili. Zamani uliinuka ukageuza sahani. Aliyehamishia kwenye CD, sijui aliwahi wapi, akachukua upande wa kwanza akaenda zake.

Yalinikuta kwenye kwanjula, sherehe ya utambulisho, ya mpwa wangu huko Mukono, nimekabidhiwa muziki kwa kuwa mimi ndiye mtu wa zamani. Senga, yaani shangazi, kainuka, kaweka sawa mshipi wa gauni lake la gomesi, kiuno kimeshaitikia besi, magitaa ndiyo yanataka kufyatuka, mara wimbo ukafifia ukaisha. Senga akabaki mkono juu, ananitazama mimi, wala si spika.

Siku hizi kasha nalianzia nyuma, kwenye dakika. Rumba ya dakika tatu ni salamu tu, mazungumzo hayajaanza. Mwenye hela atafute Francophonic, mikusanyiko miwili ya 2008 na 2009: sahani nne, nyimbo zimefuata miaka, na maelezo ya kusoma hadi usingizi ukuchukue. Na bendi ya Makassy je, walioanzia hapahapa Kampala kabla ya kuhamia Dar es Salaam? Albamu yao ya 1982, Agwaya, nililetewa na ndugu kutoka London.

Na ukiona "sauti imesafishwa", uliza imesafishwa na nini. CD yangu moja mikwaruzo imetoka kweli, ikatoka pamoja na tumba.

Juzi nikamwendea kijana anayejaza nyimbo kwenye flashi karibu na Old Taxi Park.

"Mzee, unataka Franco wa zamani au hizi zake mpya?"

Nikamwambia aniwekee Mario, ule wa 1985. Akautazama kwenye kompyuta, wimbo wa karibu robo saa nzima, akanionea huruma.

"Mzee, huu mmoja unakula nafasi ya nyimbo nne. Nikukatie?"