Hiace Isiyo na Injini Chini ya Radi za Kabare

Wenzetu wa pwani wana bahati, tufani yao huja na jina. Mwezi wa 5 mwaka 2024 shangazi yangu wa Dar es Salaam alinipigia simu kuniambia Hidaya yuko njiani, nikamuuliza kama huyo ni mgeni wa upande wa mumewe. Kumbe ni kimbunga. Kimetangazwa redioni, wavuvi wameonywa wasiende baharini, na baadaye kikaja kuishiwa nguvu huko Mafia. Sisi wa Kavumu, huku mashariki mwa Kongo, hatupati kimbunga hata tukikiomba. Tuko karibu mno na ikweta, nyuzi mbili na kitu tu upande wa kusini, na huku mzunguko wa dunia hauupindi upepo vya kutosha ukajiviringisha. Basi tumefidiwa kwa radi.

Fidia yenyewe si haba. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Rachel Albrecht wa Chuo Kikuu cha São Paulo walitoa orodha ya mahali penye radi nyingi kuliko pote duniani, kwa hesabu ya satelaiti iliyochungulia mawingu kuanzia 1998 hadi 2013. Ziwa Maracaibo la Venezuela lilishika nafasi ya kwanza. Ya pili duniani, na ya kwanza Afrika nzima, ni Kabare, teritwari yetu hii hii: mimweko 205 kwa mwaka katika kila kilomita ya mraba. Ni kweli mingi huishia mawinguni bila kugusa ardhi, lakini ukiwa chini huwezi kuiuliza mmoja mmoja inaelekea wapi. Nilipomsomea mzee jirani habari hiyo alinyamaza, akavuta tumbaku yake, kisha akauliza: "Ya kwanza nani ametunyang'anya?"

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kuzisoma habari hizo. Nilikuwa naishi ndani ya gari.

Baba mdogo alikuwa amenunua kiwanja nyuma ya soko, si mbali na uwanja wa ndege, enzi ambazo ndege za Kinshasa zilikuwa zikitua kila siku. Nyumba ilisimama kwenye lenta ikangoja pesa. Saruji na mabati vilihitaji mlinzi, mlinzi alihitaji pa kulala, na baba mdogo alikuwa na Hiace kuukuu iliyokwisha kuuzwa injini, betri na viti vya nyuma. Tuliivuta hadi pale kwa Fuso. Nikatandika godoro, nikaweka jiko la makala mlangoni, nikatundika pazia la kitenge. Watoto wa mtaa wakapita wakiuliza inaondoka saa ngapi kwenda Bukavu.

Binamu yangu, fundi wa kila kitu, aliamua kuniongezea baraza. Alichukua turubai, pembe mbili akazifunga juu ya gari, ya tatu kwenye mparachichi, na ya nne, kwa kuwa nguzo zilikwisha, kwenye kona ya choo cha mzee jirani. Juu ya hayo akavuta waya kutoka paani mwa gari hadi tawi la juu kabisa la mparachichi, ili nipate Radio Okapi bila mikwaruzo. Kwa muda niliipata vizuri sana.

Mvua za Septemba hazibishi hodi. Wingu lilitoka upande wa Kahuzi, mlima wa zaidi ya mita 3,300 unaopika hali ya hewa yetu, likashuka jeusi kupitia Miti, na upepo ukalitangulia. Turubai lilijaa upepo. Gari halikusogea, mparachichi haukusogea, kwa hiyo kilichosogea ni choo. Mlango, kuta za mabua na paa la nyasi vilipanda pamoja kama kishada na kutua katika shamba la mihogo. Mzee jirani alikuwa ndani. Nilimwona amechuchumaa vilevile, koti begani, ameufungua mwavuli wake na kuushika mbele yake kwa heshima zote za mtu aliyewahi kuwa mzee wa kanisa. Aliniita kwa sauti ya utulivu: "Mwanangu, geuka uangalie Lwiro."

Siku ya pili yake nilikwenda kweli Lwiro, kwenye kituo cha utafiti, ambako tangu zama za Wabelgiji wanapima mvua na mitetemeko. Fundi mmoja wa huko alinifafanulia mambo bila kunicheka sana. Gari lenye bodi ya chuma ni kinga nzuri ya radi, akasema, madirisha yakiwa yamefungwa na mikono ikiwa mapajani, mbali na chuma. Umeme hupita nje kwenye bati ukaenda zake ardhini. Si kwa sababu ya matairi, kama inavyosemwa vilabuni, kwani moto uliokwisha kuruka kilomita kadhaa za hewa hauzuiliwi na sentimita chache za mpira. Hema halikingi, na gari la plastiki pia halikingi. Waya wa redio unaotoka kwenye mti mrefu kuja kitandani kwako, huo ni mwaliko.

Waya ukakatwa siku hiyohiyo. Gari nalo lilitakiwa kuondoka chini ya mparachichi, na pa kulipeleka palikuwa pawili: bondeni kandokando ya kijito, pazuri, tambarare, penye majani laini, au juu kwenye mgongo wa mawe unaoumiza kiuno. Bondeni hakuna aliyethubutu kupataja mara mbili. Kila mtu hapa ana ndugu njia ya Kalehe, na tarehe 4 Mei 2023 mito ilishuka Bushushu na Nyamukubi ikachukua watu zaidi ya 400. Tukalisukuma juu ya mawe, kwa nguvu za vijana wa sokoni na jerikani la kasiksi, pombe yetu ya ndizi.

Ndipo shida yangu halisi ilipoanza, maana habari zilisambaa kwamba Hiace ya yule kijana haipigwi na radi.

Wingu likinguruma tu, mlango unavutwa. Mama muuza sambaza, vidagaa vya ziwani, anaingia na beseni lake, wanafunzi wanaingia na mabegi, mzee jirani anaingia na kuchukua kiti cha dereva kama fidia ya choo. Mama akavua kitenge chake cha juu na kufunika vioo vya gari, maana kwake kioo huita radi, sawa na rangi nyekundu. Katekista alipofika mbio na shati jekundu pakazuka mjadala kama aingie au afie nje, ukaisha kwa shati kuingia chini ya beseni la sambaza na katekista kubaki na fulana. Nikajaribu kuwaeleza kuhusu Faraday, Mwingereza ambaye mwaka 1836 alijenga chumba cha futi 12 kila upande, akakizungushia waya na karatasi ya bati, akaingia ndani na vipimo vyake huku umeme ukitiwa kwa nje. "Alikuwa na mke?" akauliza mama. Nikasema alikuwa naye. "Na mke alikuwa anatazama tu?"

Watoto niliwafundisha kuhesabu kutoka mmweko hadi mngurumo, kila sekunde tatu ni kilomita moja. Walihesabu Kifaransa, wakashindana nani ana kasi zaidi, hata kwa hesabu yao radi iliyotikisa vikombe vyangu ilikuwa imepiga Kigali.

Lakini kanuni iliyonimaliza ni ile ya kungoja nusu saa baada ya mngurumo wa mwisho ndipo mtoke. Ni kanuni njema, na pengine Ulaya inafanya kazi. Kabare, dakika ya 28, lazima pangurume mahali fulani kuelekea Idjwi, na mzee jirani, mtunza saa wetu, hutangaza bila huruma: "Tunaanza upya." Watu wakaanza kuja na viazi. Maharagwe yangu ya wiki yaliliwa jioni moja, katekista akaongoza sala ya chakula, na mwanafunzi mmoja akamaliza zoezi lake la hesabu juu ya mto wangu.

Nyumba ilipoezekwa, baba mdogo akanipigia simu kwamba amempata mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Mudaka. Mnunuzi alifika asubuhi, akagonga bodi kwa kidole, akataja bei ya kudhalilisha, akaniachia nifikiri na kwenda sokoni kutafuta chai. Aliporudi na Fuso na kamba, Kahuzi ilikuwa haionekani. Mmweko wa kwanza ulimkuta ameinama chini ya bampa, na sikuwahi kumwona mtu mnene akiingia dirishani kwa wepesi ule. Akabanwa kati ya beseni na katekista, maji yakimchuruzika, akangoja hadi sauti ikamrudia, akaniuliza kama bei bado ni ileile ya asubuhi.

"Imepanda mara mbili," akajibu mama wa sambaza kabla sijafungua mdomo, "na usiguse bati."