Mtwa Mkwawa anatafuta ukumbi

Kijana wetu wa Mwanjelwa alipanda basi hadi Bagamoyo, TaSUBa, ile iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, akajifunze kulia bila kitunguu. Karudi na cheti. Sasa yupo Iringa, anataka kuwa Mkwawa, yule mtawala wa Wahehe, jukwaani. Tamthilia ipo, mwandishi Mulokozi aliitoa tangu 1979. Fuvu lenyewe la Mkwawa lipo Kalenga, lilirudi 1954. Kasoro ukumbi tu: Jumamosi una sendofu, Jumapili ibada. Basi kapata nafasi kwenye igizo la kunawa mikono, mnadani. Kaigiza kijidudu. Mama muuza viazi akamsifu: "Mwanangu, umefanana naye kabisa!" Malipo? Soda moja, na chupa wanaitaka.