Thibitisha Wewe Si Roboti

Wapo watu wakienda kumtembelea dada yao hubeba kilo mbili za sukari. Shemeji yangu hubeba programu. Hajamaliza kuvua viatu mlangoni, wala hajauliza watoto wameamkaje, utamsikia: "Dada, kuna kitu kipya kimetoka. Bila hicho, biashara ya mtandaoni mwaka huu hutoboi." Dada yake anauza mashuka na mapazia kwa simu, mzigo anauchukua Kariakoo, na tangu ndugu huyu ajipe cheo cha mshauri wa dijitali, sebule yangu si sebule tena. Palipokuwa na kiti changu cha kuangalizia taarifa ya habari pamesimama taa ya duara yenye miguu mitatu. Nikikohoa, naambiwa nimeharibu video.

Sina ugomvi na biashara yenyewe. Biashara inakwenda, na inavyokwenda naijua, maana mbeba mizigo ni mimi. Tuseme mteja yuko Tunduma. Ameona shuka la maua kwenye status. Anaandika neno moja: "Bei?" Akishajibiwa anauliza kama ni tano kwa sita au sita kwa sita, foronya ziko ngapi, na likifuliwa linachuja? Kisha anaomba video, tena ya sasa hivi, kwa sababu alishawahi kuuziwa picha. Mke wangu anarekodi, anazigeuza foronya huku na huku, anataja jina la mteja na saa ilivyo ukutani ili mwenzake aamini si video ya kuazima. Mteja analipa kwa Lipa Namba. Mimi nabeba furushi mpaka ofisi ya basi, naandikiwa risiti, naipiga picha pamoja na namba ya basi na simu ya kondakta, namtumia. Kesho yake jioni unaingia ujumbe: "Nimepata, Mungu akubariki." Wiki inayofuata anamleta wifi yake, naye anaanza na "Bei?"

Zana zilizotumika hapo ni simu, gundi ya karatasi na mgongo wangu. Shemeji anasema huo ni ukale.

Shida ya usasa wake ni kwamba haukai. Kabla yake walikuwepo washauri wa aina yake waliotuhimiza tufungue kurasa kwenye Google+ ilipoanza mwaka 2011, tusije tukaachwa nyuma. Ikafungwa 2019, na walioachwa nyuma wakawa ni wale waliowahi. Lakini mwaka 2021 ndio ulimchanganya kweli ndugu yetu. Kwanza alitaka dada yake akazungumzie mashuka Clubhouse, mahali ambapo watu wanasikia sauti tu, shuka halionekani. Machi mwaka huohuo Christie's wakauza kwa mnada picha ya kidijitali ya msanii Beeple kwa zaidi ya dola milioni 69, shemeji akaja anahema: tupige picha ya shuka, tuuze picha, shuka tubaki nalo. Nikamwambia wapo vijana mjini wanaifanya kazi hiyo siku nyingi, na polisi wanawatafuta. Oktoba, Facebook wakabadilisha jina la kampuni kuwa Meta, tukaambiwa tujiandae kufungua duka kwenye dunia ya kufikirika, wateja watakuja wamevaa miwani mikubwa kama ya kuchomelea vyuma. Mpaka leo sijamwona hata mmoja.

Mwishowe tukapata tovuti, yenye .co.tz mwishoni. Imependeza, sikatai. Ina kikapu cha ununuzi na kitufe cha "Nunua Sasa", ambacho kila mteja hukiruka akashuka mpaka chini kabisa kutafuta namba ya WhatsApp, akiipata anaandika "Bei?" Bei iko palepale juu, kwa herufi nene. Nadhani bei iliyoandikwa kwetu haihesabiki kuwa bei mpaka itamkwe na mwenye mali, maana iliyoandikwa huwezi kuiomba ipungue.

Tovuti nayo ikazaa watoto. Programu ya kupanga matangazo, programu ya kukata picha, programu ya kuwaandikia wateja barua pepe. Zote zinaanza na siku 14 za bure, ila kadi ya benki zinaitaka siku ya kwanza, na siku ya 15 zinaamka alfajiri kabla yako. Zinakata kwa dola, sisi tunauza kwa shilingi. Hiyo ya barua pepe ndiyo inaniudhi zaidi. Wateja wa mke wangu wana barua pepe, ndiyo, walifunguliwa na fundi siku waliponunua simu, na nywila anaijua fundi.

Halafu kuna ukurasa wa takwimu. Shemeji huufungua baada ya kula, anatuonyesha mistari inayopanda. Siku moja akaruka kabisa: wageni wengi wa tovuti yetu wanatoka mji unaitwa Ashburn, jimbo la Virginia, Marekani. Mke wangu akaanza kuuliza gharama za kutuma furushi huko. Ashburn, kwa mlio mbali, ni mji uliojaa majengo ya kompyuta za kuhifadhia data, na sehemu kubwa ya shughuli za intaneti za dunia hupita hapo. "Wageni" wanaotokea huko mara nyingi si watu. Ni roboti wanaozunguka mtandaoni kukagua na kunakili kurasa. Wamepita kwenye mashuka yetu yote, moja baada ya jingine, na hakuna aliyeuliza foronya.

Niweke kumbukumbu sawa: roboti hao waliingia bila kupiga hodi. Mimi niliyelipia umeme, nikitaka kuingia kwenye tovuti hiyohiyo kubadilisha namba ya simu, natakiwa kwanza nithibitishe kuwa mimi si roboti. Chagua picha zote zenye kivuko cha waenda kwa miguu. Chagua picha zote zenye bomba la zimamoto. Bomba lenyewe ni kile kichuma kifupi cha pembeni mwa barabara za Marekani. Mwanamume mzima wa Mbagala nitalijulia wapi? Huku moto ukiwaka tunatafuta ndoo. Nikikosea naletewa picha nyingine, za ukungu zaidi.

Na mtihani huo una historia ya kuudhi. Mwaka 2007 Luis von Ahn, mzaliwa wa Guatemala aliyekuwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, na wenzake walianzisha reCAPTCHA. Ulionyeshwa maneno mawili yaliyopinda. Moja kompyuta inalijua, hilo ndilo la kukupima. La pili limetoka kwenye kitabu au gazeti la zamani, kompyuta imeshindwa kulisoma, na wewe unaisaidia bila habari. Ndivyo kumbukumbu za New York Times zilivyosomwa, na mwaka 2009 Google wakainunua kampuni. Yaani miaka ile tunakaa intaneti kafe, dakika zinakatwa, tunatukana yale maneno yaliyopinda, kumbe tuko kibaruani New York bila posho. Von Ahn baadaye akaanzisha Duolingo. Mjanja yule, lazima nikiri.

Sasa hivi wimbo ni akili mnemba. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 shemeji hajaandika sentensi yake mwenyewe. Shuka la jozi moja, foronya nne, likaandikiwa na programu moja hivi: "Jitumbukize katika bahari ya utulivu usio na kikomo." Mteja akauliza chini yake: "Hii ni shuka au dawa ya usingizi?" Ikafuata picha iliyotengenezwa na mashine: kitanda cha kifalme, na nje ya dirisha theluji inaanguka. Mtu wa Makete akataka kujua kama kitanda nacho kinauzwa, na kama tunapeleka.

Kwa hiyo roboti anaandika maelezo ya shuka, roboti wa Ashburn anakuja kuyasoma, mistari ya takwimu inapanda, na dola zinakatwa kwenye kadi ya binadamu. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika upande wa Afrika Kusini na intaneti ikazorota Afrika Mashariki, roboti wote walitulia. Mke wangu aliweka vocha, akawapigia wateja wake mmoja mmoja, na mimi nilibeba mafurushi kama kawaida.

Jumapili iliyopita shemeji amekuja na jipya: roboti wa kuongea na wateja usiku na mchana, ili dada apumzike. Hapo niliweka kijiko chini. Nikamweleza habari ya muuza magari ya Chevrolet wa Watsonville, California. Desemba 2023 mteja mmoja alimbembeleza roboti wa duka lile kwa maneno tu, mpaka akakubali kumuuzia gari aina ya Tahoe kwa dola moja. Gari hakupewa, lakini dunia ilicheka. Nikamweleza na ya Air Canada: roboti wao alimpa abiria maelezo ya uongo kuhusu nauli nafuu ya msiba, na Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia likaamua kampuni imlipe. Na hao ni wateja wa Kanada na Marekani, watu wasiojua hata kuomba nyongeza sokoni. Mpe roboti huyo mama mmoja wa Tandika aliyeamka vizuri, mpaka adhuhuri atakuwa ameshachukua mashuka, mapazia, na nauli ya kurudia nyumbani.

"Shemeji, hilo lina dawa," akaniambia kwa upole wa daktari. "Tunamwekea kikomo cha punguzo. Akifika hapo, hasogei."

Mke wangu alikuwa anakunja foronya, hakuinua hata macho. "Kikomo si nilikuwekea na wewe? Juzi ulibaki dukani saa moja tu, yule binti wa nyumba ya tatu akaondoka na mapazia kwa bei niliyonunulia."

Shemeji akaomba aongezewe mchuzi.