Panya Mmoja Anatosha

Kidole kimoja hakivunji chawa, wanasema wazee, na kwa ajili ya methali hiyo ya chawa ustadi mkubwa umenyimwa heshima yake hadi leo. Ustadi wenyewe ni kuumaliza mchezo wa video wa Pokémon kwa kiumbe mmoja tu. Mchezo ule ulitoka Japani tarehe 27 Februari 1996, ukafika Ulaya kwa Kifaransa mwaka 1999, na kila anayeujua anajua unachotaka: ukusanye. Satoshi Tajiri aliyeubuni alikuwa mtoto wa kuwinda wadudu, akaugeuza uwindaji ule kuwa orodha ya viumbe 151 na kikosi chenye nafasi sita. Mtu ninayemsifu hapa anaitazama orodha, anazihesabu nafasi, halafu anachukua panya. Ni Rattata, wa rangi ya zambarau, anayekurupuka majanini kabla safari haijakolea, ambaye wachezaji wengine humkamata ili kujaza hesabu kisha wakamsahau. Akifika kiwango cha 20 hutaka kugeuka kuwa Rattatac mwenye nguvu zaidi, na mchezaji wetu hubonyeza B kila mara kumzuia. Panya abaki panya.

Sifa kama hii si ya kutolewa mbele ya watu wenye machaguo tele. Naipeleka Panda, mojawapo ya komini nne za mji wa Likasi nchini Kongo, pamoja na Kikula, Shituru na Likasi yenyewe, kwa sababu huko watu wanaijua hatari ya kumtegemea mmoja kuliko mchezaji yeyote duniani. Hoja ikisimama mbele yao, itasimama popote.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo dharau inapopotoka. Katika Pokémon ya kwanza, kila pambano linapokwisha mchezo hutoa uzoefu na kuugawa kwa wote walioingia vitani. Wakiingia watatu, kila mmoja hupata theluthi. Akiingia mmoja, anakula sinia zima. Mwenye kikosi cha sita anadhani amejiongezea nguvu sita, kumbe ana midomo sita ya kulisha. Mwanzoni hilo halionekani. Pierre, bwana wa arena ya Argenta, anamtoa Onix wa kiwango cha 14, nyoka wa mawe, na mapigo ya kawaida ya panya juu ya jiwe hupungua nusu. Mwenye Carapuce, kiumbe wa maji, humwagia Onix maji yakaisha. Mwenye panya hurudi Forêt de Jade kuwapiga viwavi, Chenipan na Aspicot, mmoja baada ya mwingine, hadi meno yawe magumu kuliko hoja za wanaomcheka. Lakini tangu hapo kila adui anamnenepesha yeye peke yake, na kabla safari haijafika katikati panya wa majanini amekwisha kuwapita wale anaokutana nao.

Watasema: na vizuka je? Swali ni zuri. Rattata ni wa aina ya kawaida, na mapigo ya kawaida hupita katikati ya kizuka bila kukigusa. Agatha, wa tatu katika wale mabingwa wanne wa mwisho, amejaza vizuka kama Ectoplasma na Spectrum. Hapa ndipo panya anapostahili kusimamishiwa sanamu. Mjini Azuria kuna mwizi wa genge la Team Rocket. Ukimshinda anakuachia mbinu iitwayo Tunnel, na Rattata anaweza kufundishwa. Vizuka wa Agatha wana sumu pia, na pigo la ardhini huwaumiza wenye sumu maradufu. Basi mnyama ambaye meno yake hayawezi kugusa hata kivuli chao anazama ardhini, anaibukia chini yao, na kuwaangusha. Léchouille, pigo la ulimi la vizuka, halimfanyi kitu. Analopaswa kuliogopa ni Hypnose, kwa kuwa panya aliyelala ni panya aliyekufa. Katika Haut-Katanga, mkoa wa Likasi, ambako maelfu ya wachimbaji huingia mashimoni kwa mikono kutafuta kobalti, sidhani kama kuna haja ya kueleza kwamba njia ya mnyonge mara nyingi hupita chini ya ardhi.

Pingamizi la pili linaniuma kidogo. Huyo mmoja, wanasema, si mmoja. Ni kweli. Profesa Chen, anayekupa kiumbe wa kwanza, hakuruhusu kutoka kijijini bila Salamèche, Bulbizarre au Carapuce, na pambano la kwanza kabisa hupiganwa na huyo. Mbele kuna mti unaotaka mbinu ya Coupe, bahari inayotaka Surf, mawe ya Route Victoire yanayotaka Force, na panya hawezi kujifunza hata moja kati ya hizo. Basi mchezaji hubeba viumbe wengine wa kukata miti, kuvuka maji na kusukuma mawe. Hawapigani. Uzoefu hawapati. Ni wapagazi. Wanaodai kwamba jambo hili linaharibu sifa za panya wamesahau jinsi sifa za mashujaa zinavyotungwa: hakuna msafiri wa karne ya 19 aliyevuka nchi hizi bila watu wa kubeba mizigo yake, na bado vitabuni tunaambiwa alivuka yeye. Mchezaji wa panya angalau anawaona wapagazi wake kila anapofungua orodha.

La tatu, kwamba aliye peke yake mwishowe huzidiwa, lina ushahidi wake hapohapo Likasi. Septemba 1961, mji ukiitwa Jadotville, kombania moja ya wanajeshi wa Ireland, watu wapatao 155 wa Umoja wa Mataifa chini ya Kamanda Pat Quinlan, ilizingirwa na majeshi ya Katanga iliyojitenga. Walipigana kuanzia tarehe 13 hadi 17. Hakuna Mwairelandi hata mmoja aliyeuawa, ila risasi na maji viliwaishia, msaada haukuwafikia, wakajisalimisha. Filamu ya mwaka 2016 imesaidia kuwarudishia heshima waliyocheleweshewa miaka mingi. Aliye peke yake, basi, hashindwi lazima kwa udhaifu. Hushindwa kwa kuishiwa. Hata panya ana akiba yenye mwisho: Tunnel hutumika mara 10 tu kabla ya kuhitaji kujazwa, na kwa mabingwa wanne pamoja na mpinzani anayewafuata hakuna kutoka kwenda kituoni. Dawa za kurudisha mbinu zipo, lakini haziuzwi dukani. Huokotwa njiani, moja moja. Mbinu na dawa zote zikiisha kinabaki kitendo kiitwacho Lutte, kinachomuumiza mpigaji pamoja na mpigwaji. Nalikubali pingamizi hili, na naligeuza kuwa sifa. Mwenye sita huokota dawa ile akaitumia ovyo, kwa kuwa ana wengine watano. Mwenye panya anaihifadhi tangu Azuria hadi mlango wa Agatha. Hakuna mchezaji mwingine anayejua kwa hakika alichonacho mfukoni.

Linabaki pingamizi ambalo Panda peke yake ndiyo yenye haki ya kulitoa. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, ikataifishwa mwishoni mwa 1966, baadaye ikaitwa Gécamines. Karakana zake kuu ziko Panda, wenyewe wanaziita ACP. Kwa familia ya mfanyakazi kampuni ilikuwa nyumba, posho, shule na hospitali. Mmoja alitosha. Kisha shaba, iliyokaribia tani 480,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ikaporomoka hadi makumi machache ya maelfu katika muongo uliofuata. Mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990. Na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaondoka katika mpango wa Benki ya Dunia ulioitwa wa hiari. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alikuwa amekwisha kutoa mwaka 2001 kitabu kiitwacho Bana Shaba abandonnés par leur père, yaani watoto wa shaba walioachwa na baba yao. Mbele ya kitabu hicho, nani atathubutu kumsifu mmoja?

Nathubutu, kwa sababu Gécamines haikuchezwa kama panya. Panya hupigana vita vyote na uzoefu wote unabaki mwilini mwake. Ndiyo siri yake nzima. Gécamines ilipigana vita vyote huku uzoefu ukigawiwa watu ambao hawakuwahi kuingia uwanjani: kwanza wenye hisa wa Brussels, halafu wakubwa wa Kinshasa, hadi mashine zikakosa vipuri. Huo ni mtindo wa sita, tena wa sita wasiopigana. Na kuna tofauti nyingine, isiyo ya mzaha: mchezaji alimchagua panya mwenyewe, na siku akichoka anarudi majanini kukamata mwingine. Mfanyakazi wa Panda hakuulizwa.

Mpinzani wa mwisho akianguka, na kiumbe wake wa kiwango cha 65, mchezo humwingiza mshindi katika Panthéon na kuwaonyesha waliomo kikosini mmoja mmoja, kila mmoja kwa jina na kiwango chake. Mashine haiulizi nani alipigana. Wapagazi wakiwa bado kikosini, wanapita nao, kwa fahari ileile. Ndiyo maana baadhi ya wachezaji wa panya, wakifika Plateau Indigo kwenye mabingwa wale wanne, huiendea kwanza kompyuta ya kituo na kuwafungia humo wote waliosukuma mawe, ili picha iwe ya panya peke yake.